Auguste Piccard, profesa aliyebeba hewa yake angani na chini ya bahari

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 1931, huko Augsburg, Ujerumani, wanaume wawili walijifungia ndani ya chumba cha aluminiyumu chenye umbo la mpira. Upana wake ulikuwa mita 2 na sentimita 10, ukuta wake milimita 3 na nusu tu. Juu yao ilifungwa baluni kubwa ya gesi ya hidrojeni. Mmoja alikuwa Auguste Piccard, Muswisi mwembamba, mrefu sana, profesa wa fizikia kwenye universite ya Brussels. Wakati ule Kongo ilikuwa ingali koloni ya Ubelgiji. Mwenzake alikuwa kijana Paul Kipfer. Kichwani walivaa vikapu vilivyopinduliwa, vyenye mito ndani, ndiyo kofia zao za kujikinga. Ile picha ya vikapu ingali inachekesha watu mpaka leo.

Walikuwa bado wanapanga vyombo wakati Kipfer alitazama dirishani, akaona bomba la moshi la kiwanda likipita chini yao. Kumbe wameisha kuruka, na hakuna aliyewapa habari. Kisha wakasikia mluzi. Ukuta ulikuwa na tundu, hewa yao ilikuwa inatoka.

Piccard alikuwa amezaliwa Basel tarehe 28 Januari 1884, pamoja na pacha wake Jean, ambaye naye alikuja kuwa mtu wa baluni huko Marekani. Auguste alisomea uhandisi Zurich, na tangu 1922 alifundisha Brussels. Alitaka kupima miale inayotoka mbali angani, na juu ya hiyo alipaswa kupanda fasi ambako hewa ni nyepesi mno. Kwenye urefu wa kilometa 16, nguvu ya hewa ni karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya pwani. Mtu akifika huko bila kinga, anakufa. Wengine wangetafuta nguo maalumu. Yeye alisema moyoni kwamba mtu abebe chumba kizima, akifunge vizuri, akae ndani na hewa yake mwenyewe sawa vile alikaa nyumbani. Pesa zilitoka kwenye mfuko wa sayansi wa Ubelgiji, FNRS, na baluni ikapewa jina lile lile. Chumba kilitengenezwa kwenye kiwanda cha karibu na Liège, ambako mafundi walizoea kutengeneza mapipa ya bia.

Lakini kufunga mlango ni kazi nyepesi. Shida iko ndani. Wengi wanafikiri kwamba mtu aliyefungiwa anakufa juu hewa imekwisha. Mara nyingi hapana. Kinachomtesa kwanza ni ile gesi anayoitoa yeye mwenyewe kila anapopumua, gesi kaboniki. Watu wa Goma na Sake wanaijua vizuri: njo ile ile ya mazuku, inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde, inayoua mbuzi na hata watoto. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa. Hewa ya kawaida ina kidogo sana. Ikifika sehemu 5 kwa 100, kichwa kinauma na mtu anahema kama aliyepanda mlima. Ikifika 10, mtu anaweza kuzimia. Sasa weka watu wawili kwenye chumba kidogo kuliko jiko la nyumba moja ya Mususa, funga, halafu hesabu masaa.

Kwa hiyo Piccard alihitaji vitu viwili pamoja. Kimoja cha kuongeza oksijeni, kingine cha kunyonya gesi kaboniki. Oksijeni alibeba ya maji, baridi kabisa, inayogeuka hewa polepole. Ya kunyonya ilikuwa dawa kali za jamii ya ile soda ambayo watengeneza sabuni wanaitumia: hewa ya chumba inapitishwa ndani yake, gesi kaboniki inabaki humo. Si uchawi. Hata chokaa mbichi iliyopakwa ukutani inakauka na kuwa ngumu kwa kunyonya gesi hiyo hiyo. Mashine za namna hii zilikuwepo tayari kwenye nyambizi za vita. Ujasiri wa Piccard ulikuwa kuzichukua na kuzipeleka juu, mahali ambapo fundi hawezi kuitwa.

Turudi kwenye mluzi. Kabla ya safari, Piccard alikuwa ametayarisha vazelini iliyochanganywa na nyuzi za katani. Alianza kuziba tundu kwa vidole, huku baluni inapanda na hewa inazidi kupungua. Mwishoni mluzi ukanyamaza. Akamwaga oksijeni ya maji sakafuni, ikageuka hewa, nguvu ya chumba ikarudi. Baadaye kipimo kimoja kikavunjika na zebaki ikamwagika, na zebaki inakula aluminiyumu. Alichukua mpira mwembamba, akauunganisha na nje, na utupu wa angani ukaifyonza yote. Mtu anayebeza vazelini na kipande cha mpira afikirie ile siku.

Walifika mita 15,781. Ni zaidi ya mara tatu ya urefu wa Ruwenzori. Kisha kamba ya kufungulia gesi ikakwama, wakashindwa kushuka. Upande mmoja wa chumba ulipakwa rangi nyeusi, mwingine nyeupe, na mota ingekigeuza ili kupata joto au baridi. Mota haikufanya kazi, jua likapiga upande mweusi, joto ndani likapanda karibu digrii 40. Maji ya kunywa yalikuwa machache, wakalamba matone yaliyoganda ukutani. Chini, watu walikuwa wameanza kuwahesabu kati ya wafu. Baridi ya jioni ndiyo iliwashusha, kiisha masaa 17, juu ya barafu ya mlima karibu na Obergurgl, Austria. Walilala hapo hapo, kesho yake wakatembea kwa miguu. Mwaka 1932, pamoja na Max Cosyns, Piccard alipanda tena mpaka zaidi ya mita 16,000, na safari hii chumba chote kilikuwa cheupe.

Brussels walimzoea akipita njiani na shingo yake ndefu. Mchoraji Hergé alimwona, akamtumia kutengeneza Profesa Tournesol wa vitabu vya Tintin, lakini alimfupisha, la sivyo asingeenea kwenye picha.

Wazo lake la pili lilikuwa kugeuza baluni kichwa chini. Chumba kile kile cha mpira, lakini cha chuma kinene, na badala ya hidrojeni, tangi kubwa la esansi juu yake. Kila anayebeba bidoni za esansi anajua kwamba esansi inaelea juu ya maji. Kwa kushuka, chombo kilibeba vipande vidogo vya chuma, vilivyozuiliwa na sumaku za umeme. Umeme ukikatika, sumaku inalegea, chuma kinaanguka, chombo kinapanda chenyewe. Pengine hii ndiyo akili yake kubwa kuliko zote: alipanga kifaa kiharibike kwa upande wa uzima.

Vita ilisimamisha kazi. Mwaka 1948, karibu na visiwa vya Cabo Verde, FNRS-2 ilishuka na Piccard na Théodore Monod mpaka mita 25 tu. Bila watu ilishuka karibu mita 1,400 na kurudi, lakini mawimbi yakabomoa tangi lake. Magazeti yalicheka. Chombo kikapita mikononi mwa jeshi la majini la Ufaransa, na mzee akaanza upya Italia. Tarehe 30 Septemba 1953, akiwa na miaka 69, alijifungia na mtoto wake Jacques ndani ya chombo kipya, Trieste, karibu na kisiwa cha Ponza. Walishuka mita 3,150, zaidi ya mara mbili ya kina cha ziwa Tanganyika, huku hewa yao ikizungushwa na kusafishwa kwa njia ile ile ya 1931: oksijeni upande mmoja, dawa ya kunyonya upande mwingine.

Jeshi la majini la Marekani lilinunua Trieste mwaka 1958. Tarehe 23 Januari 1960, Jacques na Mmarekani Don Walsh walifika chini kabisa ya bahari ya Pasifiki, mita 10,916, zaidi ya Ruwenzori mbili zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Baba hakuwamo, lakini alikuwa hai kuipata habari. Alikufa Lausanne mwezi wa Machi 1962, na miaka 78.

Trieste iko leo kwenye makumbusho ya jeshi la majini huko Washington. Mwezi wa Machi 1999, mjukuu wake Bertrand alizunguka dunia nzima kwa baluni bila kutua, yeye na Mwingereza Brian Jones, siku 19 na zaidi. Nao walikuwa ndani ya chumba kilichofungwa.