Jeevanjee na mjukuu aliyemtafuta

Jina la Jeevanjee hutajwa kila siku jijini Nairobi na watu wasio na habari za mwenyewe. Vijana huahidiana kukutana hapo, wahubiri wa adhuhuri husimama hapo wakiwaita wapita njia watubu, na aliyechoka kutafuta kazi hujilaza hapo nyasini mpaka jua lipungue makali. Nimepata kuwauliza wanafunzi wa shule ya upili Jeevanjee alikuwa nani, na mmoja wao akanijibu kwa uhakika kamili kwamba ni mji ulioko Bara Hindi. Sikumlaumu. Vitabu vingi vya historia tulivyosomea vilimpa mzee huyo sentensi moja au mbili katika sura ya ujenzi wa reli, kisha vikampita.

Aliyemrejesha ni mjukuu wake, Zarina Patel. Mnamo mwaka 1991 kulizuka mpango wa kuichimba bustani ile na kujenga maegesho ya magari. Bi. Zarina aliongoza kampeni ya kuupinga, akaungwa mkono na Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1989 alikuwa amepigania Bustani ya Uhuru isijengwe jumba la ghorofa sitini. Mpango huo ukafa. Lakini anayeitetea bustani hawezi kukwepa kuulizwa ilitoka kwa nani na ilitolewa kwa ajili ya nani. Na swali hilo huzaa jingine zito zaidi, yaani huyu babu alikuwa mtu wa namna gani hasa? Jibu la mjukuu lilitoka mwaka 1997, nalo lilikuwa kitabu kizima kwa lugha ya Kiingereza kuhusu mapambano ya Alibhai Mulla Jeevanjee ya kudai haki sawa nchini Kenya.

Nawaandikia walimu na wanafunzi, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo humkwamisha kila anayetafuta nasaba: jina. Katika jina la mzee huyu, Alibhai ndilo lake mwenyewe, na kiambishi kile cha mwisho humaanisha ndugu. Mulla ni cheo cha mtu wa elimu ya dini. Jeevanjee ni jina la baba. Kwa desturi ya Mabohora, jumuiya ya Waislamu aliyozaliwa humo, jina la baba hufuata la mwana. Kwa hiyo hilo tunalodhani kuwa jina la ukoo lilikuwa jina la mtu mmoja tu, na lilikuja kuganda lilipobandikwa kwenye milango ya kampuni na majengo. Mjukuu aliyemtafuta halibebi hata kidogo. Angalieni basi: mtafiti anayepekua faharasa akisaka jina moja tu angepitwa na nusu ya jamaa hii.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa usiku aliitwa Otieno, akaandikwa hivyo katika kipande au rejista ya shule, na leo wajukuu wake wote ni akina Otieno, wakiwemo waliozaliwa adhuhuri. Karani wa kikoloni aligeuza jina la mtu kuwa jina la nyumba nzima. Anayetaka kumfikia mwasisi wa ukoo wake hana budi kuvuka kwanza kizingiti hicho cha karani.

Alibhai alizaliwa Karachi mwaka 1856, wakati mji huo ungali chini ya Waingereza katika India ambayo haikuwa imegawanywa. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani. Shule yake ilikuwa biashara. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amekwisha kufika Australia, akafanya biashara katika mji wa Adelaide. Hiki ni kipande ambacho wengi hukishangaa, kwa kuwa tumezoea kumwazia mhamiaji kama mtu aliyepanda jahazi moja, akashuka bandari moja, akakaa. Jeevanjee alizunguka. Mombasa aliifikia mwaka 1890, akiwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini.

Bahati yake ilikuja na reli. Waingereza walipoamua kujenga njia ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, walihitaji wafanyakazi, na kampuni ya Jeevanjee ikapata kandarasi ya kuwaajiri kutoka Bara Hindi na kuwapelekea vyakula. Baadaye ilijenga stesheni na kazi nyinginezo za njia ile. Reli ilipofika Nairobi mwezi Mei 1899, pakiwa ni uwanda wa maji na matete, mkandarasi huyu aliona mji kabla haujawapo. Alijenga majengo mengi ya kwanza ya serikali. Baada ya tauni ya mwaka 1902, ambayo wakuu wa afya waliikabili kwa kuuchoma moto mtaa wa maduka ya Wahindi, alijenga soko lililoitwa kwa jina lake, mwaka 1904. Miaka miwili baadaye akautoa uwanja wa bustani kwa watu wote, akasimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria, na mwana wa malkia huyo, Duke wa Connaught, akaizindua.

Sanamu hiyo imeniwazisha sana. Watu walioivunja mwaka 2015 yamkini waliona humo alama ya ukoloni tu, na hawakukosea. Lakini mfanyabiashara wa Kihindi wa mwaka 1906 hakuisimamisha kwa mapenzi matupu. Alikuwa akiwaambia watawala, kwa lugha waliyoielewa, kwamba yeye pia ni raia wa himaya ile na anadai yanayompasa raia. Ilikuwa heshima, na ilikuwa pia hati ya madai.

Na madai alikuwa nayo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwa ameanzisha gazeti mjini Mombasa, African Standard, akamwajiri mhariri Mwingereza. Mwaka 1905 aliliuza kwa Wazungu, likaitwa East African Standard, na ajabu ni kwamba gazeti lililozaliwa kwa fedha za Mhindi likawa kwa miaka mingi sauti ya walowezi waliokuwa wakimpinga Mhindi. Mwaka 1908 Waziri wa Makoloni mjini London, Lord Elgin, aliikubali kanuni ya kutowapa Wahindi mashamba katika nyanda za juu. Mwaka uliofuata Jeevanjee aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kukalia kiti humo. Hakudumu. Alisafiri hadi Uingereza mwaka 1910 akawaeleza waandishi wa habari jinsi Wahindi walivyobaguliwa, na walowezi wakaghadhabika. Mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha East African Indian National Congress.

Hapa ndipo kazi ya nasaba hugeuka kuwa mtihani. Katika ziara hiyo hiyo ya mwaka 1910, Jeevanjee alipendekeza kwamba eneo hili la Afrika liunganishwe na himaya ya India. Tafakarini maana yake. Mwenye kudai usawa kwa ajili ya watu wake aliona nchi hii kama ardhi inayoweza kuhamishwa kutoka mikono ya mtawala huyu hadi ya yule, na wenyeji waliokuwa wakiilima na kuilisha mifugo yao hawakuwa katika hesabu. Mjukuu yeyote anayekutana na karatasi ya namna hii hushawishika kuirudisha kwenye jalada na kulifunga. Mimi nashikilia kwamba ukurasa huo ndio wenye thamani kuliko yote. Unatueleza jinsi mtu anavyoweza kuwa jasiri mbele ya dhuluma inayomgusa na akawa kipofu kwa iliyo kando yake. Na tusimcheke, kwa kuwa katika koo zetu pia wamo wazee waliouzia wenzao mipaka, na waliokuwa machifu wa kukusanya kodi ya nyumba, ambao habari zao husimuliwa nusu tu wakati wa matanga.

Tamko la Devonshire la mwaka 1923 lilisema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Wahindi walipewa viti vitano barazani kwa orodha yao ya kupigia kura ya peke yao, ilhali nyanda za juu zilibaki za Wazungu. Mzee wetu alikuwa amekaribia miaka sabini. Alifariki Nairobi mwezi Mei 1936, na kufikia wakati huo sehemu kubwa ya mali ile iliyokuwa ikisemwa mji mzima ilikuwa imekwisha.

Jambo moja bado linanikera. Jeevanjee anaweza kutafutwa kwa sababu aliacha nyayo katika karatasi: mikataba, hati za viwanja, taarifa za magazeti, kumbukumbu za baraza. Wafanyakazi wa reli walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa takriban 32,000. Waliokufa kazini, kwa maradhi, kwa ajali na kwa simba, ni 2,493. Takriban 6,700 walibaki Afrika Mashariki mikataba yao ilipokwisha, na hao ndio wazee wa koo nyingi za Kenya na Uganda ambazo leo hazijui kijiji walikotoka. Maelfu ya Waafrika waliobeba mizigo, waliokata miti na kuchimba udongo katika njia ile ile wana hata nafasi ndogo zaidi katika majalada.

Mwanafunzi anayetaka kuanza na aanze na walio hai. Akae na bibi yake, aandike majina matatu matatu kwenda nyuma, aulize nani alihama, kutoka wapi na kwa sababu gani: njaa, vita, ndoa au kodi. Kisha aende katika Nyaraka za Taifa, katika jengo lile la zamani la Bank of India, Moi Avenue, aombe kuonyeshwa Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo lilianza kuchapishwa mwaka 1899. Humo mna teuzi za maafisa, leseni, viwanja, mirathi na waliofilisika. Kutoka mlango wa jengo hilo hadi bustani ya Jeevanjee ni mwendo mfupi wa miguu, na mwalimu anaweza kulipeleka darasa zima sehemu zote mbili kabla ya chakula cha mchana.