Bibi Zubayda na Maji ya Mahujaji

Ndugu zangu katika imani, Harun al-Rashid anapotajwa, mkewe Zubayda bint Ja'far hukumbukwa kwa dhahabu na mapambo. Mimi nikisoma habari zake namwona zaidi mtu aliyejua kutatua shida ya umma.

Alikuwa mjukuu wa Khalifa al-Mansur, mwanzilishi wa Baghdad. Angeweza kuridhika na maisha ya kasri, lakini alipokwenda Hija alijionea jinsi maji yalivyokuwa adimu Makka.

Njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka ni zaidi ya kilomita 1,400 za jangwa. Makhalifa waliomtangulia walikwisha kujenga baadhi ya vituo. Yeye aliongeza visima, mabirika na mahali pa kupumzikia, hata njia ikaitwa kwa jina lake, Darb Zubayda. Mabirika yake hayakuwa mashimo tu. Yaliwekwa pale maji ya mvua yanapopita, na mengi yalikuwa na birika dogo ubavuni ambamo mchanga ulituama kwanza, kisha maji yakaingia birika kubwa.

Kwa Makka yenyewe, aliagiza maji yaletwe kutoka Hunayn na bonde la Nu'man. Mafundi walipasua miamba na kupima mteremko ili maji yashuke yenyewe. Gharama ilikuwa kubwa mno, lakini hakurudi nyuma.

Alimpoteza mwanawe, Khalifa al-Amin, katika vita dhidi ya nduguye. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 216 Hijria (831). Zaidi ya miaka 350 baadaye, msafiri Ibn Jubayr alipita njia ile na kumsifu kwa maji aliyoyakuta. Karne ya 16 Waothmani wakaikarabati mifereji ya Makka, ikaendelea kutumika.

Nayasema haya kwa sababu nimeona kisima cha sadaka ambacho pampu yake iliharibika, na kijijini hakuna aliyejua kuitengeneza. Akina mama wakarudi mtoni na madumu yao. Kwa hiyo jumuiya yetu inapochangisha tena, naomba kabla ya kuhesabu fedha twende tukawaulize wachotaji: mnatembea umbali gani, kiangazi maji hubaki wapi, na nani atakitunza?

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Zubayda, na azitakabali sadaka zetu. Amin.