Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja, sauti ya Queen na siri aliyoitunza hadi siku moja kabla ya kifo

Septemba 5, 1946, kwenye hospitali ya serikali mjini Unguja, Bi Jer Bulsara alijifungua mtoto wa kiume. Wakampa jina Farrokh. Baba yake, mzee Bomi Bulsara, alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu, mtumishi wa serikali ya Mwingereza, Mparsi mwenye asili ya Gujarat huko India. Dini yao ilikuwa ya Zoroasta, ile dini ya kale ya Uajemi ambayo mahekalu yake huwa na moto usiozimwa.

Huyo Farrokh ndiye dunia inamjua kama Freddie Mercury.

Wengi wa rika letu tumemjulia kwenye filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody, iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar. Filamu tamu kweli, ila kuna mambo imeyapanga kivyake. Tutayafikia.

Akiwa na miaka kama minane, wazazi walimpeleka shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, mji wa milimani si mbali sana na Bombay. Huko ndiko wenzake walianza kumuita Freddie. Huko pia alijifunza piano, akawa mkali wa tenisi ya meza, na akataniwa sana kwa sababu ya meno. Alizaliwa na meno manne ya ziada nyuma ya kinywa, yakawa yanasukuma ya mbele yatokeze. Hata alipokuwa tajiri wa kuweza kununua kliniki nzima ya meno, hakuyang'oa. Aliogopa sauti ingebadilika.

Mwaka 1958 yeye na wanafunzi wenzake walianzisha bendi ya shule, The Hectics. Kinachochekesha ni kwamba hakuwa mwimbaji mkuu. Alikaa kwenye piano, mwingine akaimba.

Alirudi Unguja mwaka 1963, kijana wa miaka 16. Hakukaa sana. Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu, na familia nyingi zenye asili ya India zikaamua kuondoka. Akina Bulsara walikuwa miongoni mwao. Mwaka huohuo wakatua Feltham, kitongoji cha nje ya London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow.

Kwa lugha yetu ya leo, Freddie alienda Ulaya akabeba maboksi. Tena kihalisi kabisa, maana moja ya kazi zake za vibarua ilikuwa kupakia mizigo hapo Heathrow. Akasoma sanaa, akamaliza chuo cha Ealing mwaka 1969 na diploma ya usanifu wa michoro. Pesa hakuna. Yeye na rafiki yake mmoja mpiga dramu wakafungua kibanda Kensington Market, wakauza nguo za mitumba.

Mpiga dramu huyo aliitwa Roger Taylor. Pamoja na mpiga gitaa Brian May alikuwa kwenye bendi inayoitwa Smile, na mwimbaji wao, Tim Staffell, alikuwa amesoma na Freddie chuoni. Freddie alikuwa shabiki wa Smile kabla ya kuwa chochote kingine, shabiki yule msumbufu anayekwambia bendi yako ingefaa ivae nini na isimame vipi jukwaani. Staffell alipojitoa mwaka 1970, shabiki akaingia uwanjani. Akabadili jina la bendi ikawa Queen, na la kwake akalifanya Mercury. Mwaka 1971 akapatikana mpiga besi, John Deacon, na watu hao wanne hawakubadilika tena kwa miaka 20. Kwa bendi ya roki hiyo ni ndoa ya kudumu.

Na hawakuwa wahuni wa mtaani. May alikuwa anasomea fizikia ya anga (shahada ya uzamivu aliiacha njiani, akaja kuimaliza 2007), Taylor alianza na udaktari wa meno akahamia baiolojia, Deacon elektroniki. Gitaa la May alilitengeneza mwenyewe na baba yake, shingo yake ikitokana na mbao za sehemu ya kuotea moto ya zamani. Freddie naye akatumia diploma yake kuchora nembo ya bendi: simba wawili, kaa mmoja na vijimalaika wawili wa kike, kufuatana na nyota za kuzaliwa za wanachama wote.

Albamu ya kwanza ilitoka 1973 na haikubamba. Mwaka 1974 wimbo Killer Queen ukafika namba 2 Uingereza, lakini wao bado walikuwa wanahesabu senti, kwa sababu mkataba wao na waliokuwa wakiwasimamia uliwaacha na umaarufu bila hela. Msanii yeyote wa Bongo anaielewa hii stori bila kuelezwa. Mwaka 1975 wakabadili meneja, wakaingia studio wakiwa hawana cha kupoteza.

Hapo ndipo ikazaliwa Bohemian Rhapsody.

Ngoma ina dakika karibu sita wakati redio zilitaka dakika tatu. Haina kiitikio. Inaanza kama wimbo wa huzuni wa piano, inageuka opera, inapasuka kuwa roki, inarudi chini kimya. Sauti za ile kwaya ni za watu watatu tu, Freddie, May na Taylor, waliojirekodi tena na tena juu ya tepu ileile hadi ikaanza kuchakaa. Katikati kuna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulitamka kabla ya kula. Freddie hakuwahi kueleza wimbo unahusu nini, na mashabiki wanabishana mpaka leo: ni kuhusu kuondoka nyumbani? Ni kuhusu maisha yake ya siri? Mimi nadhani wanaotafuta jibu moja wanajisumbua.

Kampuni ya kurekodi iliona ni ndefu mno. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, rafiki yake Freddie, akaipiga mara 14 ndani ya wikiendi moja. Ikakaa namba 1 Uingereza wiki tisa.

Sasa, ubishi mwingine wa mashabiki: nani aliandika nini? Watu humpa Freddie kila kitu, na sio kweli. We Are the Champions ni yake, ndiyo, lakini We Will Rock You ni ya May. Another One Bites the Dust na I Want to Break Free ni za Deacon, yule mkimya asiyeimba. Radio Ga Ga ni ya Taylor. Crazy Little Thing Called Love ni ya Freddie, aliitunga akiwa bafuni hotelini Munich, ikawa wimbo wao wa kwanza kushika namba 1 Marekani mwaka 1980. Queen kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuandika hit.

Jukwaani lakini hapakuwa na ubishi. Ile maiki yake yenye fimbo nusu ilianza kwa bahati: stendi ilikatika katikati ya shoo enzi za ukapuku, akaendelea nayo hivyohivyo, akaipenda. Machi 1981 waliimba uwanja wa Morumbi, São Paulo, mbele ya watu wanaokadiriwa 131,000 usiku mmoja. Mtu aliyetaniwa kwa meno bwenini anaongoza kuimba umati ambao hata Kiingereza wengi hawakijui.

Doa la Sun City

Hapa mashabiki wengi hupita haraka, mimi sipiti. Oktoba 1984 Queen walienda kupiga Sun City, kwenye hoteli ya kifahari ya Bophuthatswana, moja ya vile vinchi bandia vya utawala wa makaburu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende. Wao walienda. Utetezi wao ulikuwa kwamba wao ni wanamuziki na sio wanasiasa, na kwamba wanaimbia yeyote anayetaka kuwasikiliza. Chama cha wanamuziki Uingereza kikawapiga faini, na jina la bendi likaingia kwenye orodha ya UN ya waliovunja mgomo.

Na mwimbaji wao alikuwa mtu aliyezaliwa Afrika, mtoto wa Kihindi aliyeishi chini ya ukoloni. Mandela alikuwa bado jela. Utetezi wa muziki kutokuwa na siasa unaeleweka ukiwa kwenye sofa London; ukiusikia kutoka huku kwetu hautoshi. Baadhi ya shoo hizo zilikatishwa, na sababu haikuwa siasa. Sauti ya Freddie iligoma.

Miezi tisa baadaye, Julai 13, 1985, ikaja Live Aid, tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Wembley, watu 72,000, na televisheni duniani kote. Kila msanii alipewa kama dakika 20. Wengine walikuja kutangaza nyimbo mpya; Queen walifanya mazoezi kama wanakwenda vitani na wakabana hits zao kubwa ndani ya muda huo. Ukitazama YouTube utaona mikono 72,000 ikipigwa kwa pamoja kwenye Radio Ga Ga, na jamaa mwenye fulana nyeupe na masharubu akiuchezea umati kwa sauti tu.

Na hapa ndipo filamu inatupiga chenga. Inaonyesha bendi ilikuwa imevunjika na Freddie anawaambia wenzake ana VVU kabla ya Live Aid. Bendi haikuvunjika, walikuwa wametoka kwenye ziara miezi michache tu nyuma. Na ugonjwa wake, kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye, uligundulika 1987. Agosti 9, 1986, alipomaliza shoo Knebworth, hakuna aliyejua kwamba ndiyo ya mwisho kwake na Queen.

Miaka ya kufunga mlango

Maisha yake ya mapenzi hayakuwa marahisi kuyaeleza, na yeye mwenyewe hakujisumbua kuyaeleza. Aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, msichana wa duka la nguo, na hata baada ya kuachana alibaki mtu wake wa karibu kuliko wote. Alikuwa na mahusiano na wanaume, na miaka ya mwisho aliishi na Jim Hutton, kinyozi kutoka Ireland. Kuhusu Zanzibar alizungumza kidogo mno. Kuhusu ugonjwa hakuzungumza kabisa.

Alichofanya ni kazi. Mwaka 1988 akatoa albamu Barcelona na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Uhispania, kitu ambacho mwanaroki wa kawaida asingethubutu. Akarekodi The Miracle, kisha Innuendo iliyotoka Februari 1991. Video yake ya mwisho ilipigwa Mei mwaka huo, ya rangi nyeusi na nyeupe, na hata vipodozi havikuweza kuficha alivyokonda. Nje ya nyumba yake ya Garden Lodge, Kensington, wapiga picha walikuwa wameweka kambi.

Jioni ya Novemba 23, 1991 taarifa ikatoka kwamba ana UKIMWI. Jioni ya Novemba 24 akafariki, nimonia. Alikuwa na miaka 45.

Wapo waliomlaumu wakati ule kwamba alisubiri mno. Wiki mbili na ushee kabla yake, mcheza kikapu Magic Johnson alikuwa amesimama mbele ya kamera Marekani akasema. Na huku kwetu tulikuwa na mfano mkubwa zaidi: Philly Lutaaya wa Uganda, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Sweden, alijitangaza mwaka 1989 wakati watu walikuwa hawataki hata kushika kikombe cha mgonjwa. Wapo waliomwita muongo anayetafuta kiki. Akazunguka mashuleni na makanisani akiimba na kuongea hadi nguvu zikamwishia, akafariki Desemba mwaka huohuo.

Simlaumu Freddie kwa kutaka kufa kwa amani nyumbani kwake; magazeti ya udaku ya Uingereza yangemla mzima. Lakini nikiwaweka wawili hawa pamoja, mwenye sauti iliyosikika dunia nzima na mwenye sauti iliyosikika Kampala, najua ni yupi aliyetumia sauti yake kwenye jambo gumu zaidi.

Pesa za Bohemian Rhapsody, iliyotolewa upya Krismasi ile na kurudi namba 1, zilikwenda kwa shirika la Terrence Higgins Trust linalohudumia wenye UKIMWI. Wenzake wakafanya tamasha Wembley Aprili 20, 1992 na kuanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust, unaofadhili miradi ya kupambana na VVU hadi leo, Afrika ikiwemo.

Mazishi yaliongozwa na makuhani wa Kizoroasta, kwa heshima ya wazazi wake waliokuwa bado hai. Mwili ulichomwa, majivu akakabidhiwa Mary Austin, na alipoyaweka hajamwambia mtu. Mwaka 2023 aliuza vitu vya Garden Lodge kwenye mnada wa Sotheby's vikaingiza takriban pauni milioni 40. Piano peke yake, ile aliyotungia Bohemian Rhapsody, ilikwenda kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Unguja hawajaamua bado wamfanyeje. Mwaka 2006, alipokuwa angetimiza miaka 60, kulipangwa sherehe ufukweni kumuenzi. Kundi la Uamsho likapinga vikali kwa sababu ya mahusiano yake na wanaume, ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Shangani, Mji Mkongwe, na watalii wanalipa kuingia. Ukiuliza lakini ni nyumba ipi hasa aliyokulia, jiandae: kuna zaidi ya moja, na kila mwongoza watalii anaapa kwamba ni ile anayokuonyesha yeye.