Baba ya Simba: Mzee aliyekabili bunduki za kivita na mguu wa kuku Tana River

Kama ushawahi kupanda basi ya Lamu kutoka Mombasa, basi unaijua Garsen. Kwa miaka mingi mabasi yalikuwa yanaunganishiwa eskoti hapo, karao na G3 zao, ndio safari iendelee. Wasee wengi wakiangalia ile chuma hudhani bunduki ni bunduki tu. Zii. Kaunti hii hii ya Tana River, juu kabisa huko Kora, aliishi mzee mmoja ambaye risto yake inaonyesha vile chuma ya raia na chuma ya jeshi ni vitu viwili. Na hiyo tofauti ndio ilikuja kummaliza.

Jina lake ni George Adamson. Alizaliwa Februari 3, 1906, Etawah kule India, akaingia Kenya 1924 akiwa na miaka 18 pekee. Hakupata mteremko. Alihaso kila kitu: alisaka dhahabu, akafanya biashara ya mbuzi, akawinda. 1938 ndio akapata kazi ya gava kwa idara ya wanyamapori, akawa wodeni wa kaskazini, eneo kubwa kuliko nchi zingine. Job yake ilikuwa kufukuzana na wawindaji haramu na kuwapiga simba waliozoea kula watu.

Bunduki nyingi za enzi hizo zilikuwa za boliti. Unafyatua moja, unavuta boliti na mkono, ganda linaruka, risasi ingine inaingia, ndio ufyatue tena. Cheki Lee-Enfield .303, ile majeshi ya Mwingereza yalitumia vita zote mbili za dunia. Ni boliti, na magazini yake inabeba risasi 10. Jeshi lilipopata za kisasa, hizo kuukuu ziliteremka hadi kwa polisi na maskauti wa wanyama. Ndio vile chuma ya jeshi ya jana hugeuka chuma ya kazi ya leo. Na kwa simba inatosha, maana simba harudishi risasi.

1956, simba jike alimvamia Mzee George porini akampiga risasi. Baadaye akagundua huyo mama alikuwa anatetea watoto wake watatu. Alibeba hao watoto nyumbani kwa bibi yake, Joy. Wawili wakapelekwa zoo ya Rotterdam, mmoja akabaki. Huyo ndiye Elsa. Joy aliandika kitabu, Born Free, 1960, na 1966 ikatoka muvi. Dunia nzima ikawajua. Lakini manze, kumbuka risto yote ilianza na risasi, na mzee hakuwahi kusahau.

Aliacha kazi ya gava 1961, na 1970 akahamia Kora, kando ya mto Tana. Akajenga kambi ndani ya waya, akawa analea simba na kuwarudisha msituni. Mmoja wao ni Christian, yule alinunuliwa dukani London na vijana wawili wa Australia. Ile video ya simba kuwakumbatia mabeshte wake wa kitambo, ambayo imezunguka mtandaoni miaka na mikaka, ilichukuliwa Kora. Watu walimwita Baba ya Simba. Nywele nyeupe ndefu, kaptula, kifua wazi, kiko mdomoni.

Sasa, wakati mzee analea simba, bunduki za mtaa zilikuwa zinabadilika.

Vita vya Ogaden kati ya Somalia na Ethiopia, 1977 hadi 1978, vilimwaga silaha kibao eneo hili la mpakani. Mwaka huo huo wa 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, so raia mwenye bunduki ya kuwindia hakuwa na kazi nayo tena. Lakini majangili hawakusoma tangazo. Walikuja na AK-47 na G3.

Hapa ndio watu huchanganyikiwa. G3 ya jeshi ina swichi. Ukiiweka moja, kila ukivuta triga inatoka risasi moja. Ukiiweka ingine, ukishikilia triga risasi zinamwagika. Kampuni ile ile ya Ujerumani, Heckler & Koch, iliundia raia wa nchi zingine ndugu yake anaitwa HK91. Sura karibu ile ile, risasi ile ile ya milimita 7.62, lakini haina hiyo mode ya kumwaga. Marekani ni hivyo hivyo: M16 ni ya jeshi, AR-15 ni ya raia.

Kwa hivyo ya raia ni toy? Hapana, buda. Hata wanajeshi mara nyingi hupiga moja moja ndio walenge poa. AK-47 ikimwaga inaenda kama risasi 600 kwa dakika, so magazini ya risasi 30 inaisha kwa sekunde 3. Ya raia itachelewa, lakini bado inajipakia yenyewe. Pengo kubwa kabisa liko kati ya bunduki inayojipakia na ile lazima uvute boliti. Hapo ndio maskauti wetu walikuwa wanapotelea. Majangili wana za kujipakia, wao wana za babu. Ndovu wa Kenya walishuka kutoka zaidi ya laki moja miaka ya mapema ya 1970 hadi kama 16,000 kufikia 1989.

Joy aliuawa Shaba, Januari 1980. Mdogo wake George, Terence, akafa 1986. Mzee akabaki Kora. Watu walimshauri ahame, akakataa.

Agosti 20, 1989, Jumapili, mgeni wake mmoja wa kike kutoka Ujerumani alivamiwa na majambazi njiani kwenda kiwanja cha ndege cha kambi. Mzee alisikia milio. Alikuwa na miaka 83. Akaruka kwa Land Rover na wafanyakazi wake, akawaendea hao majambazi moja kwa moja. Wao walikuwa na bunduki za otomatiki. Yeye alikuwa na bastola. Mguu wa kuku.

Mgeni alitoka hai. Mzee na wafanyakazi wake wawili hawakutoka. Alizikwa hapo hapo Kora, karibu na Terence, na baadaye Kora ikawa mbuga ya kitaifa. Mwezi mmoja kabla afe, Rais Moi alikuwa amechoma tani 12 za pembe Nairobi, na Richard Leakey alikuwa ameshaanza kuwapa maskauti silaha za kisasa. Kwa mzee ilifika late.

Kwa sheria ya Kenya, ukipatikana na bunduki kama hizo za kivita bila idhini, wewe ni wa kufungwa miaka mingi. Bado ziko. 2012, Waorma na Wapokomo walipopigana hapo Garsen na vijiji vya delta, zaidi ya watu 50 walikufa Riketa kwa siku moja, wengi kwa panga na moto. Wiki chache baadaye, Kilelengwani, walikufa 38, na 9 kati yao walikuwa polisi.

So siku beshte yako akikuambia kuna mahali anaweza kupata chuma, na ati si mbaya juu haimwagi kama ya jeshi, mpigie risto ya Mzee George. Alishika bunduki tangu ujanani, alijua kulenga kuliko sisi wote, na bado hakumaliza hata hiyo Jumapili.