Paul Robeson, Mwanamichezo wa Michezo Minne

Wengi humkumbuka Paul Robeson kwa sauti yake nzito ya uimbaji. Wachache wajua ya kwamba kabla ya nyimbo na sinema alikuwa mwanamichezo ambaye chuo chake kilipata wachache mfano wake. Leo twapenda kuwasimulia askari na polisi wetu habari za miaka yake ya shule na chuo, kwani huko ndiko alikojaribiwa kwanza.

Alizaliwa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa utumwani Carolina Kaskazini, akatoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 15, akasoma hata akawa mchungaji wa kanisa. Mama alifariki mwaka 1904 kwa kuungua na moto wa jiko. Mtoto akalelewa na baba, mtu asiyeridhika na alama 95 ikiwa 100 zapatikana.

Katika shule ya sekondari ya Somerville, Paul alicheza kila mchezo uliokuwapo, na juu ya hayo akaimba na kuigiza. Mwaka 1915 alishinda mtihani wa jimbo zima, akapata nafasi ya kusomeshwa miaka minne katika Chuo cha Rutgers. Kati ya wanafunzi wote wa chuo hicho, mweusi alikuwa yeye peke yake.

Alikwenda kuomba nafasi katika timu ya mpira wa Kimarekani. Mpira huo si huu wetu wa miguu unaochezwa Kismayo na Chula. Wachezaji huukamata kwa mikono, huukimbiza kuelekea mstari wa upande wa pili, na hugongana kifua kwa kifua kama kondoo dume. Siku ya kwanza, wale ambao wangekuwa wenzake walimvamia kwa pamoja, wakamvunja pua na kumuumiza bega. Alilala kitandani siku kama kumi akiwaza kuacha. Lakini baba alikwisha kumfundisha kuwa pale uwanjani hakusimama kwa nafsi yake tu, bali kwa vijana wote weusi waliotamani kusoma na kucheza. Akarudi. Safari hii mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu chenye meno ya chuma na kumng'oa kucha. Hapo hasira zilimpanda. Mchezo ulipoendelea aliwapangua waliokuwa mbele yake, akamnyanyua mwenye mpira juu ya kichwa, tayari kumbwaga chini. Mwalimu wa timu, George Foster Sanford, akawahi kumpigia kelele kuwa amekwisha kuchaguliwa, naye akamshusha mtu yule taratibu. Watu hupenda kukisimulia kisa hiki. Sisi twaona zile siku kumi za kitandani ni kubwa zaidi.

Mwaka 1916 timu ya Washington and Lee, kutoka Virginia, ilikataa kuingia uwanjani pamoja na mtu mweusi. Chuo kikakubali, na Robeson akawekwa benchi. Hatudhani kuwa pua iliyovunjika ilimuuma kama benchi lile. Mwaka uliofuata, huko Brooklyn, Rutgers ilikutana na timu ya wanamaji wa akiba wa Newport, iliyojaa wachezaji mashuhuri wa nchi nzima. Wanamaji wakafungwa 14 kwa 0, na Robeson alikuwa nguzo ya ushindi huo.

Baridi ilipoingia alihamia mpira wa kikapu, akicheza katikati, mahali palipoufaa urefu wake uliozidi futi sita. Theluji ilipoyeyuka alikuwa mdakaji wa besiboli, tena mtupaji wa kisahani. Kwa jumla alijipatia herufi 15 za heshima ya chuo katika michezo minne, na kwa mpira wa Kimarekani alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima mwaka 1917 na 1918. Hata hivyo, kwaya ya chuo iliposafiri, yeye alibaki. Mwaka 1919 ndiye aliyechaguliwa kuhutubia kwa niaba ya wahitimu wenzake.

Baadaye alisoma sheria Columbia, akijilipia kwa kucheza mpira katika timu za Akron na Milwaukee. Mwaka 1934, huko London, alijifunza Kiswahili, lugha hii hii tunayoiandika. Mwaka 1938 alikwenda Hispania kuwaimbia wanajeshi waliokuwa vitani kuitetea Jamhuri.

Kwa sababu ya siasa zake, serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti mwaka 1950, isimrudishie mpaka 1958. Katika miaka hiyo hata magoli ya ujana wake yalionekana hatari, na jina lake likaondolewa katika orodha za wachezaji bora wa 1917 na 1918. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Jumba la heshima la wachezaji wa mpira wa vyuo lilimpokea mwaka 1995, miaka 19 baada ya kuzikwa.