Mama Kevin, yatima aliyewajengea makao wazee na yatima wa Uganda

Katika nchi za Maziwa Makuu, mzee asiye na mtoto wala ndugu hutegemea jirani. Jirani naye akiwa fukara, mzee hubaki peke yake. Watu wa namna hiyo ndio waliofunguliwa mlango na Mama Kevin huko Nkokonjeru, mashariki ya Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1920, katika makao yaitwayo Providence Home. Humo wazee, yatima na walemavu waliishi pamoja.

Upweke huo aliufahamu. Alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Wicklow, Ireland, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki kwa ajali. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alifiwa na mama, na alipofikia miaka 17 akafiwa na bibi aliyemlea. Akajiunga na watawa Wafransisko wa Mill Hill, London. Tarehe 3 Disemba 1902 alifunga safari ya Uganda pamoja na wenzake watano.

Huko Nsambya, zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, watawa hao waliwauguza wapagazi Waafrika, watu ambao jeshi la wakoloni liliwatumikisha bila kuwajali sana. Baadaye zikaja shule ya wauguzi na wakunga, na vituo vya wagonjwa wa ukoma vya Nyenga na Buluba.

Lakini uamuzi wake mzito kuliko yote, pengine kuliko hospitali zenyewe, ni ule wa mwaka 1923. Akiwa na wasichana wanane wa Uganda, alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Mzee anayeoshwa na kulishwa humhitaji mtu anayeielewa lugha yake, na atakayebaki mgeni akirudi kwao. Shirika hilo lilienea hadi Kenya na Tanzania.

Mama Kevin alifariki Oktoba 1957 mjini Boston, Marekani, alikokuwa akichangisha fedha kwa ajili ya Afrika. Alizikwa kwanza Ireland. Waumini wa Uganda hawakukubali, wakaomba arejeshwe. Alizikwa upya Nkokonjeru tarehe 3 Disemba 1957, miaka 55 kamili tangu siku ile alipofunga safari.