Maisha ya Christiaan Huygens, Mtaalamu wa Sheria za Mgongano

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliokwisha kumaliza masomo hapa, katika kurasa hizi za Kiswahili napenda kuwaelezea maisha ya Bwana Christiaan Huygens wa Uholanzi. Galileo na Newton twawajua sote. Huyu aliyekuja kati yao hatumtaji sana, lakini kila tufanyapo hesabu za vitu vinavyogongana twatumia kazi yake. Hata watoto wa Kinama wanaocheza gololi vumbini huiona sheria yake: gololi ikipiga nyingine iliyo sawa nayo katikati barabara, iliyopigwa huondoka mbio, na iliyopiga husimama karibu palepale. Kwa nini iwe hivyo? Swali hilo liliwasumbua wenye elimu wa Ulaya kwa miaka mingi.

Huygens alizaliwa katika mji wa The Hague tarehe 14 Aprili, 1629. Baba yake, Constantijn, alikuwa mtunga mashairi na mtumishi mkubwa wa watawala wa nchi. Mama yake alifariki mwaka 1637, naye mtoto hajatimiza miaka tisa. Alisomeshwa nyumbani, akajifunza lugha, muziki na hesabu, na alipenda sana kuunda vyombo kwa mikono yake. Mwaka 1645 akaenda Chuo Kikuu cha Leiden kusoma sheria na hesabu, kisha akaendelea na masomo katika mji wa Breda.

Siku zile mwenye elimu aliyeheshimiwa kuliko wote katika nchi hiyo alikuwa René Descartes, Mfaransa aliyehamia Uholanzi. Alikuwa rafiki wa baba yake Huygens, na kijana alikua akisoma vitabu vyake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1644, Descartes aliandika sheria saba za mgongano. Alisema kwamba katika ulimwengu kuna kiasi cha mwendo kisichopungua wala kuongezeka, nacho hupatikana kwa kuzidisha ukubwa wa kitu na mbio zake. Wazo hilo lilikuwa kubwa na la maana. Lakini Descartes hakuangalia kitu kinaelekea wapi. Tena alisema kwamba kitu kidogo hakiwezi kamwe kukisogeza kikubwa kilichotulia, hata kikija kwa mbio namna gani.

Huygens alipofika umri wa miaka 23 hivi, alianza kuona kwamba sheria hizo hazipatani na mambo yanavyotokea. Halikuwa jambo jepesi. Mwalimu wake wa Leiden, Frans van Schooten, alikuwa mfuasi wa Descartes, naye hakupendezwa na njia hiyo. Descartes mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 1650, na jina lake lilizidi kutukuzwa. Kijana hakumtukana mtu, wala hakuacha kazi. Alikaa na hesabu zake, na kufika mwaka 1656 alikuwa amekwisha kuandika sehemu kubwa ya kitabu juu ya mgongano.

Njia aliyoitumia ni nzuri mno, nasi tunaokaa karibu na Ziwa Tanganyika twaweza kuifahamu upesi. Fikiri mashua inakwenda taratibu kando ya ufuko, maji yakiwa shwari. Ndani yake mtu ameshika nyuzi mbili, na kila uzi una mpira mgumu. Mipira yote ni sawa. Anaigonganisha kwa mbio sawa, mita 2 kwa sekunde kila mmoja. Kwa kuwa haina tofauti yo yote, kila mmoja utarudi ulikotoka kwa mbio zilezile. Sasa mashua nayo inakwenda mita 2 kwa sekunde, na mwenzake amesimama ufukoni akitazama. Huyo wa ufukoni ataona nini? Mpira unaokwenda pamoja na mashua atauona una mbio za mita 4 kwa sekunde; ule unaokwenda kinyume atauona umetulia. Baada ya kugongana, ule wa kwanza atauona umesimama, na wa pili unaondoka kwa mita 4. Basi siri ya gololi imefumbuliwa! Mgongano ni mmoja, ila watazamaji ni wawili, na sheria lazima iwafae wote wawili.

Kwa njia hiyo Huygens alionyesha kwamba kitu kidogo huweza kukisogeza kikubwa. Alionyesha pia kwamba upande wa mwendo lazima uhesabiwe. Mfano ni huu: tonge la udongo la kilo 2 linakwenda kulia kwa mita 3 kwa sekunde, na jingine la kilo 1 linakuja kushoto kwa mita 6. Yakigongana na kushikamana, yote husimama. Kwa hesabu ya Descartes kulikuwa na mwendo wa 12, nao umepotea. Lakini ukihesabu wa kulia kuwa 6 na wa kushoto kuwa 6 kasoro, jumla ilikuwa sifuri tangu mwanzo, na sifuri imebaki. Zaidi ya hayo, Huygens alitambua kwamba katika mgongano wa vitu vigumu virukavyo vizuri, uzito ukizidishwa na mbio, kisha na mbio tena, jumla haibadiliki. Nusu ya hesabu hiyo ndiyo tuiitayo leo nishati ya mwendo.

Mwaka 1668 Chama cha Kifalme cha London kiliwaomba wataalamu waeleze sheria za mgongano. John Wallis, Christopher Wren na Huygens wakapeleka majibu. Mwanzoni mwa 1669 majibu ya Waingereza wawili yalipigwa chapa, ya Huygens yakaachwa. Alichukizwa, akayatoa katika gazeti la Paris mwezi wa Machi mwaka uleule, ndipo London nao wakayachapa. Baadaye Newton, katika kitabu chake kikubwa cha 1687, aliwataja wote watatu kwa heshima.

Kazi zake nyingine zilikuwa nyingi. Mwaka 1655, kwa darubini waliyoiunda yeye na kaka yake, aliona mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, uitwao Titan. Mwishoni mwa 1656 alibuni saa ya timazi inayoning'inia. Saa za kwanza zilikuwa zikikosea kama robo saa kwa siku, na hiyo yake ilikosea sekunde chache tu. Mwaka 1666 aliitwa Paris katika Chuo cha Sayansi cha mfalme Louis wa 14, na huko alimfundisha Leibniz hesabu. Ugonjwa ulimrudisha kwao mwaka 1681. Alifariki The Hague tarehe 8 Julai, 1695, hakuoa. Kitabu chake cha mgongano hakikupigwa chapa mpaka 1703.

Faida ya elimu hii iko barabarani kwetu. Waendesha baiskeli hushuka kutoka milimani mpaka Bujumbura na mizigo ya ndizi na makaa. Tuseme mtu, baiskeli na mzigo ni kilo 150, na mbio ni mita 10 kwa sekunde: kiasi cha mwendo ni 1500. Akifunga breki kwa sekunde 5, nguvu inayomzuia ni nyutoni 300. Akigonga ukuta na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, nguvu ni nyutoni 15,000. Mwendo unaoondolewa ni uleule. Wakati ndio unaookoa au kuua.

Ndugu zangu, katika maisha haya nayaona mafundisho mawili. La kwanza, mtu aweza kumheshimu mkubwa na huku akayapima maneno yake. Huygens asingeanza kazi yake bila kitabu cha Descartes. La pili, kazi njema isikae mno sandukuni. Yeye alichelewa kuitoa, na wengine wakatangulia kusomwa. Anayekwisha kuhakikisha hesabu yake, na aionyeshe kwa wenzake wapate kuipima nao.